Laini Ilikuwa ya Shangazi

Swali lililomkwamisha lilikuwa la ukuta.

"Ukuta wa nyumba yenu umejengwa kwa nini?" nilimsomea kutoka kwenye simu, nikimsajili SHA, bima ya afya ya serikali. Alikuwa amesimama upande wa pili wa dirisha la duka langu, mkono mmoja umeshika nondo, mwingine uko kiunoni, kama wanavyosimama wote wakifika mwezi wa saba wa mimba.

"Nyumba gani, anti? Ya shangazi ama ya kwetu?"

"Unapolala."

"Nalala kwa shangazi. Lakini si kwetu."

Nikajaza mawe, maana ploti za huku kwetu Kaptembwo, Nakuru, nyingi ni za mawe. Paa, mabati. Choo, cha shimo, cha ploti nzima. Mnapikia nini? Gesi, akasema, kisha akajirudi: gesi ni ya shangazi, yeye akijipikia chake anawasha jiko la makaa nje. Nikajaza gesi. Binti asiye na hata sufuria ya kwake akatoka kwenye ule mtihani akiwa mkazi wa nyumba ya mawe anayepikia gesi.

Jibu likaja: ada yake ni shilingi 485 kwa mwezi. Na kwa kuwa hana mwajiri wa kumkata kwenye mshahara, ni ya mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 5,820.

"Siwezi kulipa ya mwezi mmoja tu? Ule wa kujifungua?"

Nikamwambia haiendi hivyo. Nikamwambia pia kuna Lipa SHA Pole Pole.

"Ni loni?"

"Ni loni."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Fuliza ya M-Pesa tayari inanidai, anti."

Alikuwa na shilingi 1,200, noti moja na sarafu, amezifunga kwenye leso. Kliniki walikuwa wamemwambia akapigwe picha ya tumbo, na pale alipouliza bei ikawa karibu hiyohiyo. Akanitazama machoni. "Ungekuwa wewe, ungezifanyia nini?"

Nyuma yake foleni ilikuwa ya watu wanne, na mmoja alitaka kutoa elfu kumi kabla benki haijafungwa. Nikamwambia, "Sijui, mami. Rudi ukipata."

Akaenda.

Hizo ni wiki sita zilizopita. Nimejaribu kuandika mambo mengine humu, hata ile makala ya bei ya maharagwe niliyowaahidi, na kila nikikaa chini ninamwona akishuka ile barabara yetu ya vumbi (Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini barabara yetu bado haijapata habari) akiwa na ile leso mkononi. Nitamwita Neema. Si jina lake.

Enzi za bure

Nimekaa kwenye hili dirisha la M-Pesa tangu 2017. Kuweka, kutoa, kusajili laini, na kuwajazia watu fomu za serikali wasizojua pa kuanzia. Kwa hiyo Linda Mama, ule mpango wa serikali wa uzazi wa bure, naijua kwa vidole. Msichana alikuja na kitambulisho na kitabu cha kliniki, dakika tano, amesajiliwa. Asiyefika miaka 18 alikuja na mzazi. Hakuna aliyeniuliza ukuta wa nyumba yake.

Historia yake mnaijua, wengi wenu mmezalia humo. Uzazi wa bure ulitangazwa Juni 2013, ukaja kuwekwa chini ya NHIF, bima ya afya ya zamani, na Oktoba 2024 SHA ikachukua usukani, Linda Mama ikawa Linda Jamii. Sasa anayetaka kujifungua kwa bima hiyo lazima awe amejisajili na amelipa. Akishalipa, hospitali inalipiwa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Viwango vimepanda ukilinganisha na zamani, tuseme ukweli.

Lakini wiki hizi sita nimegundua kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote hiyo nikijaza fomu. Iwe Linda Mama, iwe hii ya sasa, pesa inatoka serikalini inaenda hospitalini. Mama haioni. Ni pesa ya siku moja: siku ya uchungu.

Sidharau bili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililazimika kutamka kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa sababu hajalipa ni kuvunja Katiba. Kama jambo hilo lilihitaji jaji, basi bili ilikuwa imefika pabaya.

Ila Neema hakuniuliza habari ya bili. Aliniuliza habari ya 1,200.

Nauli ya boda kwenda kliniki na kurudi. Picha ya tumbo. Ile orodha wanayompa mama aende nayo siku ya kujifungua: beseni, pamba, pedi, sabuni, shali, nguo za mtoto, leso mbili. Na chakula, kwa sababu kule kliniki wanasema ule mayai na mboga, na kwa shangazi kuna watoto wanne wa shangazi. Mimba ni miezi tisa ya pesa ndogondogo, na hizo ndogondogo hazina fomu.

Kuna sheria ya likizo ya uzazi, ndiyo. Sheria ya Ajira ya 2007: mama miezi mitatu na mshahara wote, baba wiki mbili. Neema alikuwa anamenya viazi kwenye kibanda cha chipsi, analipwa jioni. Likizo yake ilianza siku mwenye kibanda alipoona tumbo. Haijaisha hadi leo.

"Ya pili nililala"

Sasa niwaambie jambo ambalo linaniaibisha.

Kwetu ni Mumias, kaunti ya Kakamega. Mwaka 2016 nilienda nyumbani Krismasi, nikamkuta mdogo wangu, miaka 19, ametulia kwenye mkeka na tumbo la miezi mitano. Amemaliza kidato cha nne mwaka mmoja nyuma. Mama hataki kulizungumzia. Usiku, tukiosha vyombo, ndipo mdogo wangu aliponong'ona kwamba kaunti inampa pesa.

Mkiwa watu wa Kakamega mnaijua: Oparanya Care. Ilianza 2013, enzi za gavana Wycliffe Oparanya, kwa msaada wa UNICEF. Mama mjamzito asiye na uwezo aliandikishwa kwenye kituo cha afya kilichochaguliwa, na alipewa shilingi 2,000 mara sita, jumla 12,000, kuanzia mimba hadi mtoto afike mwaka mmoja na nusu. Sharti lake lilikuwa kliniki. Huendi kupimwa, huzalii kituoni, humpeleki mtoto chanjo, hupati.

Nilicheka. Nilimwambia, "Kwa hiyo sasa kuzaa ni kazi ya kaunti?"

Hakunijibu. Aliendelea kusugua sufuria.

Nilikuwa na miaka 26, nina duka la watu ninalolisimamia Nakuru, sina mtoto, na nilikuwa najua kila kitu.

Baada ya Neema kuondoka nilikaa siku tatu, kisha nikampigia mdogo wangu. Sasa ana watoto wawili, ana kibanda cha nguo za mitumba sokoni. Tukasalimiana, tukazungumza habari za mama na presha yake, mpaka nikapata ujasiri.

"Unakumbuka zile elfu mbili za kaunti? Ulizifanyia nini?"

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Ya kwanza aliichukua mama," akasema. "Iliingia kwa simu yake, mimi sikuwa na kitambulisho. Akalipa mbolea."

"Na ya pili?"

"Ya pili nililala."

"Ulilala vipi?"

"Nililala, dada. Nilikuwa naenda kupalilia miwa ya watu, unakumbuka? Miezi ile mgongo ulikuwa unaniwaka moto. Ya pili ilipoingia nilimwambia mama wiki mbili siendi. Nikampa mia tano ya unga, akanyamaza. Nikawa nalala mpaka saa mbili asubuhi."

Akacheka. "Hakuna mtu alishawahi kuniuliza hiyo."

Miaka tisa. Mimi dada yake sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilishakata shauri kwamba zile pesa ziliishia kwenye nywele.

Siaya

Siku chache baadaye nilikuwa nasoma kwenye simu, usiku, stima imepotea. Nikakutana na habari ya utafiti uliotolewa Agosti 2025 kuhusu vijiji vya kaunti ya Siaya. Shirika la GiveDirectly liligawa pesa huko kati ya 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,000, kila moja karibu dola 1,000. Bila sharti. Hakuna kliniki, hakuna kikao, hakuna risiti. Watafiti wakarudi wakahesabu watoto waliozaliwa na waliozikwa.

Vifo vya watoto kabla ya kufikisha mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48.

Nilirudia mstari huo mara tatu. Karibu nusu. Na pesa zilifanya kazi zaidi pale zilipofika karibu na wakati wa kujifungua, na pale kituo cha afya chenye daktari kilipokuwa karibu. Maana yake pesa haikuchukua nafasi ya hospitali. Ilimfikisha mama hospitalini.

Kisha nikafika pale waliposema kwamba wanawake wa kaya hizo, miezi ya mwisho ya mimba na ile ya kwanza baada ya kujifungua, walipunguza sana saa za kazi za sulubu. Walipumzika. Nikaweka simu chini. Mdogo wangu alikuwa ameshaniambia hivyo kwa maneno mawili, bure, kwa bando la shilingi ishirini.

Wenye kujua takwimu watanikosoa: dola 1,000 si shilingi 2,000, na Siaya pesa ilipewa kaya yoyote maskini, haikulenga wajawazito. Ni kweli. Siwezi kuziweka kwenye mzani mmoja. Ila zote mbili zimenionyesha saa ambayo mimi nilikuwa siioni, ile kabla ya uchungu, wakati msichana bado anainama shambani kwa mtu.

Na kuhusu masharti, hapo nimeyumba. Nilikuwa najiandaa kuandika kwamba masharti ni dharau, kwamba ni kumwongoza mtu mzima kama mbuzi kwa majani. Nikamuuliza mdogo wangu. Akakataa kabisa. "Siku ya kliniki ilikuwa yangu," akasema. "Mama hangeweza kunituma mtoni, hangeweza kusema niende Jumatano ijayo. Akijua nikikosa na pesa inakosekana, ananiamsha mwenyewe."

Kumbe sharti lilikuwa linambana mama kuliko yeye.

Lakini tena kwenye foleni yao kulikuwa na binti mwingine, anatoka mbali, aliyekosa nauli ya kliniki, na kwa kukosa kliniki akakosa elfu mbili ambazo zingekuwa nauli. Hilo nalo mdogo wangu ndiye aliyeniambia, bila mimi kuuliza. Nimeliacha hapo. Sina jibu.

Mtawazoesha

Tuna chama, wanawake kumi na wawili, Jumapili baada ya kanisa au kabla ya alasiri kutegemea ni zamu ya nani kupika chai. Tuna mfuko wa dharura. Nikapeleka hoja: tumtolee Neema elfu mbili kila mwezi mpaka ajifungue, na miezi mitatu baadaye.

Kelele.

Nilitarajia ile ya "mtawazoesha kuzaa". Ilikuja ya kwanza, na nilikuwa na hesabu yake tayari. Chukua zile 12,000 za Kakamega. Kuanzia mwezi wa nne wa mimba hadi mtoto afike miezi 18 ni kama miezi 23. Gawanya. Ni shilingi 520 kwa mwezi. Ni nani atakayebeba mimba, atapike miezi mitatu, akose shule, atukanwe na baba yake, kwa sababu ya shilingi 520? Kwa hesabu ya nchi nzima, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wasichana asilimia 15 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba, na hao kaunti nyingi haziwapi hata senti. Wanazoeshwa na nani?

Hapo wengine walitikisa vichwa. Nikadhani nimeshinda.

Kisha mama mmoja muuza mboga, mtu mpole, hasemi sana, akauliza, "Na wangu je?" Binti yake amemaliza chuo, hana mimba, hana kazi mwaka wa pili. Anaamka saa kumi kumsaidia mama sokoni. "Yeye alijichunga. Chama kitampa nini?"

Sikuwa na hesabu ya hiyo.

Nilijaribu. Nikasema hii ni ya mtoto, si zawadi ya msichana. Nikasema mtoto hakuchagua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Naelewa. Lakini na wangu?" Hakuwa anabisha, alikuwa anauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nchi inayomfanya mama mmoja alionee wivu tumbo la binti ya mwenzake imeishiwa mahali fulani, lakini hilo huwezi kumwambia mtu aliyetoka Wakulima Market saa kumi na moja alfajiri na magunia mawili ya sukuma.

Tulimaliza hivi: chama hakitatoa pesa. Kitatoa vitu. Beseni, shali, pamba, nguo za mtoto, pampasi pakiti mbili. Wote wakakubali, hata yule mama wa mboga, tena yeye ndiye aliyesema ataleta shali mpya.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini vitu vilipita bila shida na pesa ikakwama. Sisi ni wakarimu wa vitu. Mtoto akizaliwa tunajaa nyumbani kwa mtu na sukari, unga, sabuni za kipande, kuku mzima. Tunaimba. Lakini mwambie mtu ampe mzazi yuleyule thamani ya yule kuku mkononi, kimya kimya, uone anavyoanza kuuliza maswali. Kuku hawezi kuliwa kwa siri, labda ndiyo sababu. Pesa inamwachia mtu akili yake mwenyewe, na akili ya msichana aliyepata mimba tulishaihukumu.

Mimi nilishaihukumu mwaka 2016, nikiwa na sahani mkononi.

Yule wa pikipiki

Mmekuwa mkisubiri nimtaje baba wa mtoto. Yuko. Ni wa boda, steji ya Rhonda. Neema anasema si mtu mbaya. Huwa anatuma mia mbili, mia moja hamsini, na ujumbe, "ya mandazi".

Zamani, kabla ya uhuru, ilitungwa sheria, mwaka 1959, iliyompa mwanamke aliyezaa bila ndoa njia ya kumpeleka baba wa mtoto kortini alipe matunzo. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Wabunge waliochaguliwa wakati huo walikuwa wanaume watupu. Desemba mwaka huohuo Kisumu ikamchagua Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, lakini alikuta sheria imeshazikwa.

Ikapita miaka 41 mpaka Katiba ya 2010 iandike, Ibara ya 53, kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imeikazia. Ukienda ofisi ya watoto, unaandikishiwa, baba anaitwa, mnakubaliana matunzo. Nimewasindikiza wateja wawili, na mmoja alifanikiwa.

Nilimweleza Neema haya yote. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Nikimpeleka huko, hata hizo za mandazi zitaisha."

Nikataka kumwambia kwamba huo ni woga. Nikafikiria. Mtoto hajazaliwa. Pikipiki ni ya tajiri, anapeleka hesabu kila jioni. Kesi ina foleni, nauli, siku ya kupotea kazini. Alikuwa amepiga mahesabu yake na yalikuwa sahihi kuliko ya kwangu.

Jina kwenye skrini

Alirudi wiki iliyopita. Hakuja kwa ajili ya SHA, alikuja kununua kredo ya shilingi kumi.

"Nilipiga picha," akaniambia, kabla sijauliza. "Ni mmoja. Amelala vizuri."

Basi alizifanyia hivyo zile 1,200. Hakupata jibu kutoka kwangu akajijibu mwenyewe. Akafungua kitabu cha kliniki akanionyesha ile karatasi nyeusi inayong'aa, na sote wawili tukajifanya tunaona kichwa.

Nikamwambia habari ya chama, beseni na shali. Akafurahi kweli. Kisha nikamwambia, "Na mimi mwenyewe nitakuwa nakutumia elfu mbili, mwisho wa mwezi. Miezi sita. Usiniulize kwa nini." Sikutaka aniulize kwa sababu ningelazimika kumwelezea juu ya mdogo wangu na sufuria.

Hakuuliza. Alisema asante, anti, akaangalia pembeni.

Jioni nikafunga hesabu, nikachukua simu yangu nimtumie ya kwanza. Nikaandika namba, elfu mbili, nikabonyeza. Kabla ya kutuma, simu ikaniletea jina la mwenye laini, kama kawaida, nihakikishe.

Jina halikuwa lake.

Ni jina la shangazi. Laini alinunuliwa akiwa kidato cha kwanza, akiwa hana kitambulisho, na shangazi ndiye aliyeisajili. PIN wanaijua wote wawili. Simpaki shangazi matope. Ana watoto wanne na amemchukua wa tano na wa sita yuko njiani. Lakini nilisikia sauti ya mdogo wangu: ya kwanza aliichukua mama.

Nikasitisha. Nikampigia.

"Kesho kuja dukani na kitambulisho."

Akaja asubuhi, kitambulisho amekiweka katikati ya kurasa za kitabu cha kliniki, pale kwenye chati ya uzito. Kadi mpya kabisa, ana miezi minne nayo. Nikamsajilia laini. Nikampiga picha, akaomba nirudie kwa sababu alifumba macho. Nikamwambia achague PIN na nikageuka nyuma kupanga bahasha zisizohitaji kupangwa. Alichukua muda mrefu, kama mtu anayechagua jina.

Nikatuma. Simu yake ikalia. Safari hii jina lililokuja kwenye skrini yangu lilikuwa majina yake matatu, kwa herufi kubwa, yamepangwa vibaya kama serikali inavyoyapanga.

Akasoma ule ujumbe kwa muda.

"Nitoe mia mbili," akasema. Nikafungua droo.

"Lakini anti, ukitoa mia mbili unakatwa ngapi?"

"Ishirini na tisa."

Akafikiria, mkono uko kiunoni.

"Basi acha zote zikae," akasema. Akaweka simu ndani ya kitabu, akafunga, akaanza kushuka barabara kwa miguu.